Teke la Kathonzweni linahesabiwa na nani?

Kuna kizazi kizima cha Wakenya kilichojifunza kung fu kwa sauti ya DJ Afro. Si ati kuna mtu alitufundisha. Ila ukilipa shilingi zako ukaingia kibanda cha video sokoni, ukabanana na wenzako kwenye benchi la mbao, ukamsikia akiwatia wapiganaji wa Kichina maneno ya Kiswahili mdomoni, ulitoka pale ukitafuta mtu wa kumrushia teke. Njiani mnagawana majina. Huyu Bruce Lee, yule Jet Li, na yule mdogo wa mwisho anapewa kazi ya adui kwa sababu hana wa kumtetea. Kama ulikulia Kathonzweni, Wote, Makindu, au ng'ambo ya mto Athi kule Kitui, hadithi hii unaijua kabla sijaimaliza.

Sasa sikiza. Kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 13, 2026, jiji la Dakar nchini Senegal limepangiwa kuandaa Michezo ya Olimpiki ya Vijana. Ni mara ya kwanza kwa mashindano yoyote ya Olimpiki kuja Afrika. Na kwenye ratiba, kando ya riadha, ndondi na judo, kuna mchezo unaoitwa wushu. Hiyo ndiyo kung fu yako, imevaa sare rasmi. Haijawahi kutoa medali ya Olimpiki hata siku moja. Mlango wake wa kwanza ni Dakar, bara letu wenyewe.

Wachezaji wa Dakar hawatakiwi kuzidi umri wa miaka 17. Kwa hivyo tuseme ni wewe. Una miaka 15, unaishi Kathonzweni, una simu yenye kioo kilichopasuka, na kwa miaka mitatu umekuwa ukiigiza video za vijana wa Henan kwenye mchanga wa mto uliokauka. Unaruka, unazunguka hewani mara moja na nusu, unatua kwa mguu mmoja. Wenzako wanapiga mayowe. Swali langu kwako ni dogo tu: hilo teke lako limehesabiwa na nani?

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Kwa Kichina, kung fu si kupigana. Ni ustadi wowote unaopatikana kwa muda mrefu na jasho jingi. Yule mama wa chapati ambaye zinatoka tabaka tabaka huku anakupigia hesabu ya chenji bila kuangalia jiko, ana kung fu yake. Sanaa ya mapigano yenyewe ndiyo wushu: wu ni mambo ya vita, shu ni sanaa. Chini ya jina hilo kuna mamia ya mitindo. Ukoo huu una wake, hekalu lile lina wake, kijiji cha pili kinaapa kwamba wa jirani uliibwa kwao.

Na kabla hujauliza, hapana, si kila Mchina anajua kung fu. Kampuni ya Kichina ya Gezhouba ilipoanza kazi ya bwawa la Thwake mwaka 2018, pale Makueni inapopakana na Kitui, vijana wetu waliopata vibarua walikutana na mainjinia, madereva na wapishi, si watawa wa Shaolin. Kumuuliza fundi wa saruji akuonyeshe teke ni sawa na yeye akuone wewe Mkamba na kukuuliza ulikimbia marathoni kwa saa ngapi. Ndio, Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Lakini wewe hata basi la shule lilikuwa linakuacha.

Turudi kwenye swali. Unapokuwa na mamia ya mitindo, unaamuaje nani ameshinda? Mzee wa taiji anasonga polepole kama mtu anayetembea ndani ya maji. Kijana wa kaskazini anaruka kama amekanyaga kaa la moto. Kila mmoja ana mwalimu wake, na kila mwalimu anasema mtindo wake ndio wa kweli. Hapo hakuna mashindano, kuna mabishano tu. Wachina waliliona tatizo hili mapema, na kuanzia miaka ya 1950 serikali yao ikakaa chini na walimu na kuanza kuandika. Ndiyo, kuandika. Mwendo huu unaanzia hapa, mguu unafika pale, mkono uko usawa wa bega. Mwaka 1956 ikatoka taiji ya miondoko 24, ile unayoona wazee wakiifanya bustanini kwenye video. Mitindo mingine nayo ikaandikiwa taratibu za mashindano: changquan, yaani ngumi ndefu za kaskazini, na nanquan ya kusini.

Leo wushu ya mashindano ina pande mbili. Upande wa kwanza ni taolu. Uko peke yako juu ya zulia la mita 14 kwa 8, mikono mitupu au umeshika upanga, fimbo au mkuki, na unatoa mfululizo wa mapigo dhidi ya adui asiyekuwepo. Kwenye mashindano makubwa majaji wanakupa alama kati ya 10: tano ni za usahihi wa miondoko, tatu za onyesho lako kwa jumla, mbili za ugumu wa miruko. Ukitua na mguu ukateleza kidogo, kuna mtu kazi yake ni kuona tu hicho na kukukata. Upande wa pili ni sanda. Hapo adui yupo na ana hasira. Mnapigana juu ya jukwaa la mita nane kwa nane lililoinuliwa sentimita 80 kutoka chini, ngumi, mateke na kuangushana. Raundi ni ya dakika mbili, ukishinda mbili umemaliza kazi, na ukimsukuma mwenzako akaanguka nje ya jukwaa unapata alama. Zhang Weili wa Uchina, aliyewahi kuwa bingwa wa UFC, alianzia sanda.

Kinachoenda Dakar ni taolu. Kwa hivyo kama ulikuwa unajiandaa kumvunja mtu mbavu, pole.

Safari ya kufika hapo imekula miaka 90, na siongezi chumvi. Mwaka 1936 Uchina ilituma Berlin timu ya kuonyesha sanaa zake za mapigano wakati wa Michezo ya Olimpiki. Watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Halafu vita, mapinduzi, na miaka mingi ya kimya mbele ya dunia. Mwaka 1974 Jet Li, akiwa mtoto tu, alitumwa Marekani na timu ya wushu na akacheza mbele ya Rais Nixon. Mwaka 1985 mji wa Xi'an ukaandaa mashindano ya mwaliko ya kimataifa. Mwaka 1990 wushu ikaingia Michezo ya Asia mjini Beijing ikiwa na medali kamili, na Oktoba mwaka huo huo likaundwa Shirikisho la Kimataifa la Wushu, kwa kifupi IWUF. Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ikalitambua shirikisho hilo kwa muda mwaka 1999 na kikamilifu mwaka 2002.

Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Hata. Kutambuliwa na kualikwa ni vitu viwili tofauti, muulize mtu yeyote ambaye ukoo unamjua lakini hawamwiti harusini. Beijing ilipoandaa Olimpiki ya 2008, Wachina walitaka sana mchezo wao uwemo. IOC ikakataa, na ile michezo ya maonyesho ilikuwa imeshafutwa baada ya Barcelona 1992. Wakaruhusiwa kuandaa shindano lao pembeni, siku zile zile, mji ule ule, lakini medali zake hazikuhesabiwa kuwa za Olimpiki. Fikiria hiyo. Sherehe ni kwako, nyumba ni yako, na mtoto wako anakula nje ya hema.

Mwaka 2013 wushu ikaachwa tena kwenye orodha ya kuwania nafasi ya Olimpiki ya 2020, na mieleka, ambayo ilikuwa imetishiwa kufukuzwa, ikarudishwa. Mwaka 2015 Japan ikapewa nafasi ya kupendekeza michezo ya ziada. Wushu ilifika nane bora. Wajapani wakachagua karate, na kwa kweli wewe ungewalaumu vipi? Mwishowe, Januari 2020, IOC ikaiingiza wushu kwenye ratiba ya vijana ya Dakar.

Karate nayo isikuumize roho kwa wivu. Iliingia Tokyo, na ilipofika zamu ya Paris 2024 ikatolewa. Taekwondo ndiyo iliyopenya ikakaa: ilionyeshwa Seoul 1988 na Barcelona 1992, ikawa mchezo kamili Sydney 2000. Na hapo ndipo utaona faida yake kwetu. Kwa sababu taekwondo ina kiti cha kudumu, Faith Ogallo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma, aliweza kupigana kwenye mchujo wa Afrika na kuvaa jezi ya Kenya Tokyo. Bila kiti hicho angebaki kuwa msichana mrefu wa Bungoma anayejua kupiga mateke.

Sasa tukutoe Kathonzweni tukupeleke kwenye zulia. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inasema shirika la michezo lazima lisajiliwe na Msajili wa Michezo, na inataja ngazi tatu: klabu, chama cha kaunti, na shirika la kitaifa. Kenya ina shirikisho lake la kung fu na wushu, kwa hivyo ngazi ya juu ipo. Kinachokukosa wewe ni ngazi ya chini. Wewe na wenzako watano mtoni si klabu. Ni marafiki. Mbele ya sheria, na mbele ya mtu yeyote mwenye bajeti, hamjazaliwa.

Najua inavyosikika. Mimi mwenyewe sikumaliza chuo, kwa hivyo tofauti ya kujua kitu na kuwa na karatasi inayosema unakijua naijua vizuri kuliko wengi. Karatasi haikufundishi kuruka. Lakini hakuna mchujo wa taifa unaoanza kwa meneja kuzunguka mito ya Makueni akitafuta watoto wanaoruka. Anaanza na orodha ya vyama vya kaunti, vyama vinaanza na orodha ya klabu, na kama klabu yako haimo, jina lako halipo.

Shule ingeweza kukuokoa, kwa sababu michezo ya shule za upili ndiyo njia ambayo mtoto wa ushago anaitumia kufika Nairobi bila kuwa na mjomba mkubwa. Lakini angalia kalenda yake: soka, voliboli, netiboli, mpira wa mikono, magongo, raga, riadha. Wushu hakuna. Mwalimu wako wa michezo hawezi kukupeleka kwenye mashindano ambayo hayapo, hata akupende vipi.

Halafu kuna sakafu. Zulia la mita 14 kwa 8 ni mraba wa mita 112, karibu madarasa mawili ya shule zetu. Mchanga wa mto ni mzuri kwa kujifunza kuanguka, hata wanasarakasi wa Mombasa wanajifunzia ufukweni. Lakini mchanga unakudanganya. Unameza kosa la kifundo cha mguu. Siku utakayotua kwenye zulia lenye mbao chini yake, mguu utafanya kitu ambacho hujawahi kuuzoesha, na goti ndilo litalipa. Simu nayo haisemi. Video itakuonyesha mruko mara elfu, haitakwambia kwamba kisigino chako kimegeuka nje. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye macho aliyesimama pembeni yako.

Na huyo mtu mchague kwa makini. Mtaani kuna watu wanaojiita sifu kwa sababu wana picha wakiwa wamevaa nguo za hariri. Wachina wana mfumo wao wa ngazi tisa za wushu, na mwamuzi wa kimataifa ana mafunzo na mtihani. Kwa hivyo usione haya kuuliza: bwana mwalimu, wewe ulifundishwa na nani, umewahi kushindana wapi, na shirikisho linakujua? Akikasirika, umejibiwa.

Jambo lingine ambalo hakuna anayekwambia mapema. Mchezo ukishaingia kwenye familia ya Olimpiki, mkojo wako unaingia nao. Ndani ya miraa na muguka kuna kemikali inayoitwa kathini. Kwa kanuni za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa za kusisimua misuli, kathini ikizidi mikrogramu tano kwa mililita moja ya mkojo siku ya mashindano, umefeli. Haijalishi ulitafuna kwa sababu boda boda alikukaribisha au kwa sababu ulikuwa unapambana na usingizi kwenye basi. Nchini tuna shirika letu, ADAK, lenye sheria ya 2016 nyuma yake, na hawana mzaha. Mitishamba ya Kichina nayo iogope hivyo hivyo. Ile mahuang inayouzwa kama dawa ya kifua ina efedrini, ambayo pia ina kipimo chake.

Kuna watu watakaokuambia kwamba haya yote, zulia, majaji, alama na mkojo, ni kuua kung fu. Kwamba sanaa ya hekalu imegeuzwa sarakasi. Hawa usiwadharau, wana hoja. Ukitazama taolu ya kisasa utaona mchezaji anakimbia hatua nne, anaruka, anazunguka, anatua, na unajiuliza ni adui gani atasimama akusubiri umalize hayo. Alama mbili za ugumu zimefanya kila mtu afuate miruko ile ile. Mtindo wa kijiji usio na mruko hauna pa kwenda.

Lakini na upande wa pili una aibu yake. Mwaka 2017 mpiganaji wa MMA anayeitwa Xu Xiaodong alikutana na mwalimu wa taiji Wei Lei, mtu aliyekuwa na sifa kubwa ya nguvu za ndani. Pambano halikufika nusu dakika. Wei Lei alikuwa chini, anapigwa. Video ilizunguka dunia nzima, na Uchina wakakasirika, si kwa Wei Lei bali kwa Xu. Mimi niliitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali, na nilichokiona ni hiki: sifa ambayo haijawahi kupimwa inakaa vizuri sana mpaka siku ya kupimwa. Sanda inakupima. Hata taolu, pamoja na mapambo yake, inakupima mbele ya watu usiowajua na ambao hawakudai chochote. Mwaka 2020 UNESCO iliitambua taijiquan kama urithi wa utamaduni wa binadamu, na huko hakuna anayehesabu alama. Kwa hivyo Wachina wameweka miguu kwenye njia zote mbili. Mzee wa bustanini ana cheti chake, na mtoto wa zulia ana medali yake.

Sisi je? Wakamba walikuwa na mbeni, ngoma ya vijana wepesi, wavulana na wasichana, wanaoruka na kujipindua hewani huku ngoma na filimbi zinawasukuma. Nyanya yako anaijua. Inaonekana sikukuu za kitaifa kwa dakika tano mbele ya mgeni rasmi, na kwenye tamasha za muziki za shule ambapo, ukweli usemwe, kuna majaji na alama. Lakini baada ya tamasha basi. Hakuna aliyeandika kwamba mruko huu una thamani gani, mtoto wa Kitui na wa Makueni washindane vipi, na anayeshinda anaenda wapi. Sisemi mbeni iwe mchezo wa Olimpiki. Nasema Wachina hawakuwa na miruko mizuri kuliko yetu. Walikuwa na kalamu.

Na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu, kwa sababu kalamu haikutosha. Kwa miaka mingi kanuni za IOC zilitaka mchezo wa Olimpiki za kiangazi uwe unachezwa na wanaume katika nchi zisizopungua 75 za mabara manne, na wanawake katika nchi 40 za mabara matatu. Uchina ina watu zaidi ya bilioni moja, lakini kwenye hesabu hiyo Uchina ni nchi moja tu. Sawa na Kenya. Sawa na Burundi. IWUF leo ina wanachama zaidi ya 150, na hao si Wachina 150. Ni Misri, ambayo wapiganaji wake wa sanda wanarudi na medali za dunia. Ni mashirikisho ya Afrika yanayofanyia mazoezi kwenye kumbi za kukodi. Ni kule Wakaliga, Kampala, ambako watoto wamefundishwa kung fu kwenye uwanja wa vumbi, kando ya studio ya Isaac Nabwana, yule wa filamu ya Who Killed Captain Alex? Bila nchi kama zetu hesabu ya Wachina haingetimia. Mimi nikifikiria hivyo, naona hatuendi kwao kuomba. Kuna deni hapa.

Deni hilo lilipwe kwa nini? Kwa zulia moja Wote. Kwa jaji mmoja wa Ukambani aliyefunzwa. Kwa kocha anayekuja miezi mitatu, anayebaki mpaka amwache mtu wa kuendeleza. Nchini kuna Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, ya kwanza barani, na Hekalu la Shaolin limewahi kupokea wanafunzi wa Kiafrika. Nafasi moja moja za watu wachache ni nzuri kwa picha. Zulia linabaki.

Senegal wanalijua jambo hili kuliko sisi. Wao wana laamb, mieleka yao ya jadi, na mabingwa wake ni mastaa kuliko wanasoka wengi. Julai 2018 Rais Xi Jinping alifika Dakar na kuwakabidhi uwanja wa mieleka uliojengwa na Uchina kule Pikine, viti elfu ishirini na kitu. Kwa hivyo mchezo wa Senegal una nyumba iliyojengwa na Wachina, na mchezo wa Wachina unapata Olimpiki yake ya kwanza Senegal. Laamb yenyewe haina medali kwenye Michezo hiyo. Mieleka iliyomo ni ya ufukweni, yenye kanuni za shirikisho la dunia. Sijui kama kuna Msenegali anayelala vibaya kwa sababu hiyo. Mimi ningelala vibaya.

Turudi kwako, kwa sababu muda wako ni mfupi kuliko wa mataifa. Michezo ya Dakar ilipangwa awali kuwa 2022. Julai 2020, kwa sababu ya corona, ikasukumwa miaka minne mbele. Kwenye karatasi ni mabadiliko ya tarehe. Lakini aliyekuwa na miaka 13 wakati ule alitarajia kufika Dakar akiwa na 15. Mwaka 2026 ana 19, na mlango wa vijana umefungwa kwake. Hakufanya kosa lolote. Kama alikuwa na klabu, angalau ana pa kuendelea kama mchezaji mkubwa au kama mwamuzi. Kama hakuwa nayo, amebaki na video kwenye simu.

Na ratiba ya Los Angeles 2028 imeshafunguliwa kwa kriketi, skwoshi, lakrosi na mengine. Wushu haimo. Kwa hivyo usiache shule kwa ajili ya hii kitu, tafadhali, na usiseme mimi ndiye niliyekutuma. Ila kama mko watano au sita mnaoruka kila jumamosi, jiandikieni jina la klabu, chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na msichana awe mmojawapo, kwa sababu wasichana wanahesabiwa kivyao na ndio huwa wachache. Andikeni katiba fupi. Tafuteni mtu mzima wa kuaminika, mwalimu au mtu wa kanisa, asimame nanyi, maana chini ya miaka 18 hamwezi kusajili kitu peke yenu. Halafu pandeni matatu ya Wote, muulizie ofisi ya michezo ya kaunti, muulize kama kuna chama cha wushu Makueni. Wakisema hakipo, ulizeni fomu ya kukianzisha inaonekanaje. Kitui mna wenzenu wanaouliza swali hilo hilo.

Mkiulizwa mnacheza nini, msiseme kung fu ya sinema. Semeni taolu, au semeni sanda. Na kwenye ile orodha ya wanachama, kando ya kila jina, wekeni tarehe ya kuzaliwa.